Pedeli Imezama Sakafuni Mzunguko wa Nne: Je, Kosa ni la Pedi?

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2005, yenye kalipa (vyuma vyenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski) za Brembo zilizokuja na gari. Siku za kazi natoka Mbezi Beach kwenda Posta na kurudi. Mara tatu kwa mwaka naiingiza kwenye siku za mbio za klabu, kwenye eneo la lami lililofungwa, dakika 15 kila awamu. Safari iliyopita, mzunguko wa nne, pedeli ya breki ikawa laini kama sponji, halafu ikazama mpaka sakafuni. Nilipopumzisha gari nusu saa ikarudi. Pedi ni za kawaida na zimebaki kama nusu. Duka moja la Gerezani limeniambia nifunge pedi za mbio na tatizo litakwisha. Ni kweli? Na kama ni kweli, nifunge zipi?

Jibu: Ndugu yetu, usitoe hela ya pedi kwanza. Ulichoeleza ni mafuta ya breki kuchemka. Pedi zina mchango wao, na tutafika huko, lakini ukifunga pedi kali juu ya mafuta yale yale utazama tena, pengine mapema zaidi, kwa sababu pedi ya mbio inakubali kufanya kazi kwenye joto kubwa zaidi na joto hilo linapita mgongoni mwake kwenda kwenye pistoni na mafuta yaliyo nyuma yake.

Breki zilizozidiwa na joto hukataa kwa namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Pedi ikizidiwa, pedeli inabaki ngumu na juu pale pale. Unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari halipungui, na harufu inaingia mpaka ndani. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori lililopakia anaijua harufu hiyo. Mafuta yakichemka, pedeli inakuwa laini kisha inazama, kwa kuwa ndani ya kalipa kumezaliwa mvuke, na mvuke unabinyika wakati mafuta hayabinyiki. Likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedeli inapanda kama vile hakuna kilichotokea. Ndiyo maana wengi hudhani breki zimepona.

Kuna mwizi wa tatu wa kumwondoa kwenye orodha kabla hatujaendelea: masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli. Gari likiwa limepoa, washa injini, kanyaga pedeli kwa nguvu ya kawaida na ushikilie dakika nzima. Ikishuka polepole chini ya mguu na hakuna tone linalovuja nje, mpira wa ndani ya masta umechoka. Ikisimama imara, rudi kwenye mafuta.

Mafuta kwanza

Kwenye chupa utaona DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Viwango hivyo vinataja joto la chini kabisa ambalo mafuta yanaruhusiwa kuchemkia: DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya na 140 yakiwa yameshanyonya maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Namba ya pili hupimwa mafuta yakiwa na maji ya asilimia 3.7 hivi. Mafuta ya aina hii huvuta unyevu wa hewani, kupitia tangi lake na taratibu kupitia mipira ya breki, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha mwaka mzima. Gari la Dar ambalo halijabadilishwa mafuta ya breki kwa miaka mitatu lichukulie kuwa linaishi kwenye namba ya pili. Kama ndani kuna DOT 4, ile ya 230 huenda leo inachemka karibu na 155.

Kwa siku za mbio tafuta mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Motul RBF 600 huchemkia 312 yakiwa mapya na 205 yakishanyonya maji. Castrol SRF ni 320 na 270. SRF ni ghali, ila ile 270 ndiyo unayoilipia. Yote mawili yanapatana na mfumo wako wa kawaida. Kitu kimoja usikiguse: DOT 5 isiyo na nukta moja. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na haya mengine, na haifai kwenye gari lenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga).

Nunua chupa ndogo zilizofungwa, si galoni ambalo muuzaji analifungua na kulifunga tangu Pasaka. Lita moja inatosha kusukuma mafuta yote ya zamani nje na kutoa upepo magurudumu manne. Mwambie fundi, na usimame pale uone: kalipa hizi za Brembo zina nipo (skrubu za kutolea upepo) mbili kila moja, ya ndani na ya nje. Mtu aliyezoea kalipa za Corolla anafungua moja, anaona mafuta safi, anafunga na kusogea gurudumu jingine. Nusu ya kalipa inabaki na mafuta ya zamani, na wakati mwingine na upepo. Baada ya kuchemsha kama ulivyochemsha, mafuta hayo yabadilishwe hata kama ni ya mwezi jana.

Kwa nini pedi ya kawaida ilielemewa

Piga hesabu kidogo. STI yako na dereva ni kilo 1,550 hivi. Kuitoa 60 mpaka kusimama kwenye taa za Mwenge ni kugeuza mwendo kuwa joto la kilojuli 215. Kuitoa 160 mpaka 60 mwishoni mwa mnyoofu, yaani sehemu ndefu iliyonyooka ya uwanja, ni kilojuli 1,300, mara sita. Kiasi cha asilimia 70 kinabebwa na breki za mbele, kwa hiyo kila diski ya mbele, yenye uzito wa kilo 9 hivi, inapanda nyuzi 100 na ushee kwa breki moja tu. Mzunguko ukiwa na kona nne za namna hiyo na nafasi ndogo ya kupoa katikati, baada ya mizunguko mitatu diski iko mbali sana na joto ambalo pedi ya mjini ilitengenezewa. Pedi za kawaida nyingi huanza kulegea zikivuka nyuzi 300 au 350.

Na zako zimebaki nusu. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani, maana pedi ni kinga ya joto kati ya diski na pistoni. Ikiwa mpya ina milimita 10 hivi za kusugua. Ikibaki 5, joto lina njia fupi ya kufika kwenye mafuta. Mjini unaweza kwenda mpaka milimita 3 bila shida. Uwanjani usianze siku na pedi iliyo chini ya 5 au 6.

Kwa nini usifunge pedi za mbio na kuziacha

Hapa ndipo tunapopishana na huyo wa Gerezani. Pedi ya mbio haswa, mfano Hawk DTC-60 au Pagid RS29, imechanganywa ili ishike diski ikiwa kwenye nyuzi mia kadhaa. Asubuhi kwenye foleni ya Mwai Kibaki diski zako haziendi popote karibu na hapo, hasa ukizingatia kwamba kati ya tuta na tuta hufiki hata 50. Pedi ya baridi kiasi hicho inashika kwa uvivu, inalia kama geti la bati, na inakula diski, kwa sababu kwenye baridi pedi hizi husugua kama msasa badala ya kuacha utando laini juu ya diski. Sasa bodaboda akukatie mbele pale Kawe, mvua ya masika imelowesha kila kitu. Breki unayoihitaji ni ile ya mguso wa kwanza, na hiyo ndiyo pedi ya mbio haina.

Kuna na vumbi. Vumbi la pedi zenye chuma nyingi hunata kwenye rimu, likipata hewa ya chumvi ya Coco Beach linaota kutu ya rangi ya machungwa, na halitoki bila kuondoka na rangi.

Kwenye pedi nyingi utakuta herufi mbili zimepigwa ubavuni, mfano FF au GG. Ya kwanza ni msuguano wa pedi kwenye joto la kawaida, ya pili ni ya joto kubwa: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Wauzaji huzitumia kama alama za mtihani. Zinasaidia kukwepa takataka, lakini kipimo chenyewe kinaishia nyuzi 343 hivi, yaani kinaishia pale ambapo siku yako ya mbio inaanza. Pedi ya GG inaweza kupoteza msuguano kwenye nyuzi 500 na ya FF ikasimama imara. Kwa matumizi ya uwanjani tafuta kiwango cha joto anachokitaja mtengenezaji, na mchoro wa msuguano kama anao. Mstari ulionyooka kwenye mchoro huo ni bora kuliko uliopanda juu kisha ukaporomoka.

Tungefunga nini

Kwa siku tatu kwa mwaka, seti mbili za mbele na seti moja ya nyuma.

Mbele kwa ajili ya mjini, pedi orijino au ya kiwango chake. Mbele kwa ajili ya uwanja, kitu cha daraja la Ferodo DS1.11. Nyuma, mwaka mzima, pedi ya kati kama Ferodo DS2500, ambayo mtengenezaji anaipa msuguano wa wastani wa 0.42 na inashika vizuri ikiwa baridi. Breki za nyuma hazipati joto kubwa namna ile, kwa hiyo pedi ya kati inawatosha wote wawili, wa foleni na wa uwanja. Ukiwa uwanjani mbele inakuwa na msuguano mkubwa kidogo kuliko nyuma, na hiyo ni salama: ukizidisha, gari linanyooka mbele badala ya kurusha mkia. Usifanye kinyume, pedi kali nyuma na dhaifu mbele. Na usifanye lile lililozoeleka, pedi ghali mbele na ya bei chee nyuma isiyoshika kitu. Mbele itabeba kazi yote na utarudi kwenye tatizo lile lile la joto.

Kama hutaki habari ya kubadilisha pedi kila mara, njia ya seti moja ipo: DS2500 au Endless MX72 mbele na nyuma. Kwa MX72 mtengenezaji anataja nyuzi 50 hadi 700, na ni pedi inayoishi vizuri mjini, ingawa vumbi na kelele kidogo utavikubali. Kwa uwanja mfupi wenye kona za karibu na mwendo usiofika 140, seti hii moja pamoja na mafuta mapya inaweza kukutosha kabisa. Kwa uwanja wenye mnyoofu mrefu na matairi yanayonata, hapana. Matairi yakishika zaidi breki zinafanya kazi zaidi. Watu hununua matairi ya mbio kisha wanashangaa breki.

Sababu ya kukupendekezea seti mbili ni kalipa zako zenyewe. Kwenye Brembo hizi kalipa haifunguliwi. Unatoa gurudumu, unagonga pini mbili kutoka nje kuelekea ndani kwa kipande cha chuma chembamba kuliko pini, unatoa ile springi ya bati, na pedi zinatoka juu. Mtu aliyezoea anamaliza upande mmoja kwa dakika 15. Nenda uwanjani ukiwa na pedi za mjini, badilisha pale pale, rudi nyumbani na za mjini.

Kuna mambo manne ambayo huharibu kazi hii. Toa pedi moja kwa wakati: ukizitoa zote mbili na kusukuma pistoni za upande mmoja, za upande wa pili zinatoka nje. Angalia tangi la mafuta unaposukuma pistoni, maana litafurika, na mafuta ya breki hula rangi ya gari; yakimwagika mwaga maji mengi papo hapo. Grisi ya breki inayostahimili joto ipake kidogo kwenye pini na mgongo wa pedi tu, na grisi ya bearingi isikaribie hapo kabisa, huyeyuka ikaingia kwenye diski. La nne ndilo linalogonga magari kwenye kuta za gereji: baada ya kurudisha pistoni, pampu pedeli mpaka iwe ngumu kabla hujaingiza gia. Mkanyago wa kwanza na wa pili hautashika chochote.

Pistoni mojawapo ikigoma kurudi kwa kusukuma kwa mkono na kipande cha mbao, usiipige. Mpira wake wa vumbi umeungua au kuna kutu, na kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya. Dalili yake utaiona kwenye pedi za zamani: moja imeliwa kwa mshazari.

Diski

Za STI yako mbele ni milimita 326 kwa unene wa 30, na mwisho wa kutumika ni 28; nyuma ni 316 kwa 20, mwisho 18. Kiwango cha mwisho hupigwa chapa kwenye diski yenyewe, kisome hapo. Pima kwa mikromita katikati ya njia ya pedi, maana ukingoni kuna ngazi inayodanganya. Mafundi wetu hupenda kukereza diski usukani ukitetemeka, lakini mara nyingi diski haijapinda. Imebaki na mabaka ya pedi yasiyolingana. Kuikereza diski ya mbio ni kuipunguzia chuma inayobeba joto.

Diski zenye matundu zinapendeza kwenye picha. Uwanjani nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Chukua za kawaida au zenye mifereji. Nyufa ndogo kama nywele juu ya uso ni za kawaida baada ya joto. Ufa unaofika ukingoni ni mwisho wa diski hiyo.

Mchanganyiko wa pedi moja huacha utando wake juu ya diski, na pedi ya aina nyingine ikiwekwa juu ya utando huo hushika kwa vipande na kutetemesha usukani. Ukiweza, kila seti iwe na diski zake. Usipoweza, baki kwenye familia moja ya mtengenezaji, ambayo ndiyo faida ya kwenda na Ferodo kote, na uzoeshe pedi upya kila unapobadilisha.

Kuzoesha pedi kusifanyike Barabara ya Bagamoyo usiku wa manane. Fanya uwanjani, mwanzo wa awamu ya kwanza. Maelekezo ya mtengenezaji yakiwepo fuata hayo. Yasipokuwepo, punguza mara nne au tano kwa nguvu ya wastani kutoka 80 hadi 40, kisha mara nane kwa nguvu zaidi kutoka 100 hadi 30, ukiacha nafasi ya kuongeza mwendo tu katikati. Usisimame kabisa, usishikilie pedeli. Ukisikia harufu na pedeli imebadilika kidogo, uko karibu. Zunguka taratibu dakika tano au kumi bila kugusa breki, kisha egesha dakika 20 kabla ya kwenda kwa kasi. Diski iliyokubali ina rangi ya kijivu iliyolingana pande zote.

Siku yenyewe, mzunguko wa mwisho wa kila awamu uwe wa kupoza. Ukiegesha, usivute hendibreki: kwenye STI yako ni viatu vya breki ndani ya ngoma iliyo katikati ya diski ya nyuma, na vitashikana na chuma kinachowaka. Weka gia na kabari. Ngoja nusu saa kabla ya kumwaga maji kwenye rimu. Pedeli ikianza kurefuka hata kidogo, hiyo ni taarifa ya mwisho. Poza na utoke. Ikizama kabisa ukiwa kwenye mwendo, pampu haraka haraka na ushuke gia.

Kununua Kariakoo bila kuuziwa bandia

Pedi bandia huvaa boksi zuri, kwa hiyo fungua boksi. Pedi zote nne ziwe na namba moja ya toleo iliyopigwa au kuchapwa mgongoni, si stika peke yake. Ukingo wa bati uwe umekatwa safi, na kati ya bati na mchanganyiko kusiwe na mwanya unaopitisha ukucha. Pedi ya mjini yenye kibali cha Ulaya ina alama ya R90 pamoja na herufi E na namba. Kibali hicho kinataka utendaji wake usipishane na wa orijino kwa zaidi ya asilimia 15. Za mbio mara nyingi hazina alama hiyo, na hazidai kuwa nayo, kwa hiyo ukiiona kwenye pedi inayojiita ya mbio tupu, uliza maswali. Pedi mtumba zilizotoka na kalipa zake Japani usizitumie hata zikiwa nene, kwa kuwa huwezi kujua ziliungua mara ngapi. Uso unaong'aa kama kioo ni jibu tosha. Na zile zilizobandikwa lining (sehemu ya kusugua) upya acha kabisa, gundi haijatengenezwa kwa joto hili.

Kwa hali yako, anza na kipimo cha masta, lita moja ya mafuta mazuri, na pedi za nyuma. Seti mbili za mbele zifuate kabla ya siku yako ya mbio inayokuja.